Habari Aliyokatazwa Edina

Kama gazeti lako la Jumapili iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usihuzunike. Nitakudokeza upesi, halafu tuendelee, maana mambo ya Gungu hayakumngoja mtu.

Edina ni Mha wa Heru Juu, muuza dagaa wa soko la Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, mwepesi wa mdomo na mwepesi wa kucheka. Mumewe, Gélase, ni fundi cherehani aliyevuka kutoka Rumonge miaka ile Warundi walipokuwa wakiingia Kigoma na magodoro kichwani. Walioana, wakapanga chumba kimoja Gungu, wakapata mtoto, Anatoli, ambaye mpaka leo yuko mgongoni.

Mama yake Gélase alibaki ng'ambo. Siku Gélase alipotamka kwamba anataka kumleta, Edina alimjibu papo hapo, ungo wa mchele mkononi: "Chumba chenyewe hiki kimoja, mama atalala wapi? Darini?"

Tangu siku hiyo Gélase akawa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "nimeshiba". Edina akadhani yamekwisha.

Halafu akaja Hamdani, mfanyabiashara wa Ujiji anayepeleka chumvi ng'ambo na kurudi na mawese. Alimwita Edina pembeni, nyuma ya magunia, akamwambia kwamba mama mkwe wake ameugua, amefariki, na majirani wamemzika. Edina alikimbilia Bangwe kwa shangazi wa mumewe, bibi Caritas, ili waende wakamwambie Gélase pamoja. Bibi Caritas akamziba mdomo palepale. Katika ukoo wao mke hatangazi kifo cha mama mkwe. Anayetangaza ni mjomba, ndugu wa marehemu, na mjomba mwenyewe, mzee Nizigama, yuko kambi ya wakimbizi akingoja kibali cha kutoka.

Tulimwacha Edina akifika nyumbani, habari imemjaa kifuani, na Gélase amesimama barazani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Ulikuwa wapi?" Gélase aliuliza.

"Kibirizi."

"Kufanya nini?"

"Si dagaa tu, Baba Anatoli? Kwani mimi huwa nakwenda Kibirizi kufanya nini?"

Gélase akainua uso. Jua lilikuwa halijazama vizuri na mwezi ulikwishatokeza upande wa pili, mzima, mkubwa.

Kila mtoto wa Kigoma anajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa hivyo dagaa hawafuati mwanga wa karabai. Wavuvi huanika nyavu, hushona zilizochanika, hulala majumbani kwao. Dagaa hakuna. Yaani Edina, muuza dagaa aliyekomaa, alitoa uongo ambao hata mgeni aliyeshuka jana kwenye treni asingeuthubutu.

"Dagaa," alisema Gélase. Akarudi kwenye cherehani yake, akakanyaga.

Najua unachotaka kusema wewe msomaji. Si angemwambia tu? Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa na chai yako. Kwao Edina mtu akifa, wa kwanza kusikia ndiye wa kwanza kupiga yowe, na kijiji kizima kinakuwa kimejua kabla yowe halijaisha. Mambo ya kufunga kilio moyoni na kukipikia chakula hakulelewa nayo. Lakini alikuwa amekula kiapo mbele ya bibi Caritas, na alikuwa na sababu yake ya kuogopa: yeye ndiye aliyesema mama alale darini. Maneno hayo yalimrudia kila alipomwangalia mumewe, na aliona haya mpaka shingo ikamuuma.

Bibi Caritas alikuwa amemwagiza jambo jingine. Mtu anayengojewa na msiba hulishwa vizuri, ili habari imkute ana nguvu.

Basi Edina akaanza kupika. Samaki aina ya migebuka, kwa mawese. Kuku, siku ambayo si sikukuu. Ugali wa muhogo laini kama wa wagonjwa. Alimnawisha Gélase mikono, akamkalia pembeni, akawa anasogeza bakuli.

"Kula, baba. Ongeza."

"Leo kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mke hampikii mumewe?"

"Jana kuku, leo migebuka. Mimi nilikuwa nakula dagaa na majani ya muhogo na nilikuwa sijalalamika." Gélase alisukuma bakuli. "Unanitazama kama mtu anayesindikiza mgonjwa."

Edina akacheka. Kicheko kilitoka kikavu, yeye mwenyewe kikamshtua.

Na kama hiyo haikutosha, Warundi wa Gungu nao wakaanza kufika. Habari za namna hiyo huwa haziketi mahali pamoja. Alikuja mzee mmoja, akakaa kwenye benchi la wateja, hakuleta kitambaa cha kushona, hakuleta maneno. Akaja mama mwingine na mkungu wa ndizi. "Tumekuja kusalimu tu," wakasema. Walikaa. Gélase aliposimamisha cherehani ili aongee nao, walitazama miguu yao. Walipoondoka walimshika mkono, mkono wa kushoto ukiwa juu ya kiwiko cha kulia, kama wanavyomshika mtu wanayemheshimu sana au wanayemhurumia.

"Hawa wana nini?" Gélase alimuuliza mkewe.

"Sijui."

"Hujui. Na mimi nikiingia ndani unanyamaza. Nikitoka nakusikia unanong'ona na watu. Sawa."

Aliposema "sawa" Edina alipumua. Alidhani mumewe amemaliza. Hakujua kwamba siku ileile, mjini, mpiga soga mmoja alikuwa amemuuliza Gélase kama mkewe siku hizi ameacha dagaa amehamia kwenye chumvi, kwa kuwa ameonekana nyuma ya magunia na Hamdani wa Ujiji, wameinamiana, na mwanamke anafuta machozi kwa khanga.

Gélase hakumuuliza mkewe juu ya hilo. Si mtu wa kuuliza. Yeye jambo likimuuma hulimeza, kisha hutafuta namna ya kulitenda. Kumbuka hilo, tutalihitaji sasa hivi.

Asubuhi iliyofuata Edina alimfunga Anatoli mgongoni akaenda Bangwe. Bibi Caritas alikuwa anapepeta unga uani. Alivuka ziwa mwaka wa sabini na mbili, akiwa msichana, na Kiswahili chake kimeshika lafudhi ya Ujiji, ila hasira zake bado ni za kwao.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mukazana, mke wa mwanetu. Amejua?"

"Hajajua. Shangazi, nimekuja kukuomba. Niruhusu nimwambie. Mume wangu anafikiri nina mwanaume."

"Nani kakuambia?"

"Hajaniambia mtu. Namwona. Anahesabu hata nikienda chooni."

Bibi Caritas akaweka ungo chini.

"Akifikiri una mwanaume, siku atakayojua ukweli atacheka. Lakini ukimtangazia wewe kifo, unajua itakuwaje? Maisha yake yote akimkumbuka mama yake ataiona sura yako. Kila mkigombana. Kila ukichelewa kupika. Ndiyo maana tunampa mjomba kazi hiyo. Mjomba haishi naye nyumba moja."

Maneno yalikuwa na akili, na ndiyo yaliyomkera Edina.

"Na kuna jingine," bibi Caritas akaongeza. "Habari hiyo haimwagwi njiani. Mtu hukalishwa. Huwekewa watu wa kumshika, kulia na kushoto. Hujui mwanaume atafanya nini katika ile dakika ya kwanza. Mimi nilimwona baba yangu."

"Alifanya nini?"

"Mngojee Nizigama," alisema bibi Caritas, akauokota ungo.

Edina akarudi Gungu kichwa chini. Alipokunja kona ya nyumba yao alisimama.

Baraza lilikuwa tupu. Cherehani haikuwepo.

Alidhani ni wezi. Alitupa macho ndani, kitanda kipo, sufuria zipo, redio ipo. Akakimbilia mlango wa pili, kwa fundi Feliksi, ambaye naye hushona.

"Feliksi, tumeibiwa!"

Feliksi alikuwa amekaa mbele ya cherehani mbili. Moja yake. Ya pili Edina aliijua kwa mkwaruzo wa ubavuni.

"Tumeibiwa nini, shemeji? Hii nimeinunua mimi. Gélase kaniuzia jana jioni, nikaichukua leo ulipotoka." Feliksi alitabasamu, halafu tabasamu likamfia usoni. "Hakukuambia?"

"Fundi anauza cherehani yake? Atashona na nini, na meno?"

"Kwani si kwa ajili ya safari?"

"Safari ipi?"

Feliksi alijikuna kichwa. Ni mtu mwema, Feliksi, na watu wema hawana kazi mbaya kuliko kufichua siri za majirani.

"Shemeji, mimi nilijua mnajua wote. Anakwenda kumchukua mama yake. Leo, na boti ya mchana. Anashukia Kagunga, mpakani, anapenya mpaka Rumonge. Alitaka akushtukize. Hebu njoo uone."

Alimpeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kichumba ambacho mwenye nyumba alikuwa akiwekea mkaa. Sasa kilikuwa kimefagiliwa, kimepakwa chokaa, kimetandikwa jamvi. Dirishani kulikuwa na pazia jipya la maua, limeshonwa kwa mkono ambao Edina aliujua vizuri.

"Alisema wewe ulisema chumba kimoja hakitoshi," Feliksi alieleza. "Akasema una haki. Amekuwa akija hapa kila anapomaliza kazi, anakwangua ukuta. Hukumwona na chokaa kwenye nywele?"

Alikuwa ameiona ile chokaa. Alidhani ni vumbi la kitambaa.

Edina alikaa kwenye jamvi la mama mkwe aliyekufa, akashika pazia, akalia bila sauti ili Anatoli asiamke. Kumbe muda wote ule wa "ndiyo" na "nimeshiba" mumewe alikuwa amemsikia. Alimsikia, akakubali, akashika brashi. Ila hakumwambia. Na ng'ambo kule vita vilikuwa vinawaka, wanaume wa Rumonge walikuwa wanatolewa vitandani hawarudi, na Gélase alikuwa anakwenda huko kumchukua mtu ambaye hayupo.

Kiapo cha Bangwe kikamtoka Edina kama kamasi. Aliinuka.

Gélase alikuwa amekwisharudi ndani, anafunga mkoba.

"Baba Anatoli, usiende."

Gélase hakugeuka. "Feliksi kakuambia."

"Usiende. Mama amefariki."

Alilisema hivyohivyo, wima, mlangoni, bila kumkalisha, bila mtu kulia wala kushoto. Gélase alifunga mkoba taratibu, akageuka.

"Umesema nini?"

"Mama amefariki, baba. Wamemzika huko huko. Nisamehe. Mjomba wako alikuwa aje akuambie, nimeshindwa kungoja."

"Nani kaleta habari hiyo?"

Hapo, msomaji, ungekuwepo ungemkanyaga Edina mguu. Ilikuwa kweli tupu, lakini haikuwa siku ya kuisema.

"Hamdani," alisema Edina.

Gélase alicheka. Edina hakuwahi kumsikia akicheka vile.

"Hamdani. Nilikuwa nangoja hilo jina. Nilikuwa nasema, nisimuulize, nitaonekana mjinga. Umelitaja mwenyewe."

"Gélase, ndiye aliyekuwa Rumonge..."

"Alikuambia lini?"

"Wiki iliyopita. Siku ile uliyoniuliza."

"Siku ile ulikuwa umekwenda kununua dagaa, mwezi juu." Gélase alimsogelea. "Sasa nieleze. Wiki nzima unajua mama yangu yuko kaburini. Wiki nzima unanipikia kuku. Unanisogezea bakuli, unacheka na mimi. Mwanamke gani anaweza? Hakuna. Kwa hiyo hukujua. Kwa hiyo umelitunga leo, baada ya Feliksi kukuonyesha kile chumba."

"Nililazimishwa, baba. Shangazi Caritas..."

"Wewe humtaki mama yangu. Ulisema alale darini. Sasa umeona amepata pa kulala, umemuua kwa mdomo."

Edina alipiga magoti. Alimshika miguu. Gélase akamtoa mikono, kidole kimoja kimoja, kwa upole ambao ulimuumiza kuliko kofi. Akambusu Anatoli kichwani, akatoka.

Feliksi alimpakia Edina kwenye baiskeli, mtoto mgongoni, wakashuka Kibirizi wakipiga kengele kama wendawazimu. Boti ilikuwa bado inapakia. Magunia ya unga, maboksi ya sabuni, abiria wamekwishakaa kwenye mbao. Gélase alikuwa katikati, mkoba mapajani, macho ziwani.

Edina aliingia majini mpaka magoti, akashika kamba ya boti.

"Mama, achia," alisema nahodha.

"Siachii. Mshushe mume wangu."

Wachukuzi wakaanza kucheka. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba wanaume wakivuka siku hizi wake zao hutaka kufungwa pamoja na mizigo. Na juu ya mchanga, karibu na mapipa ya mawese, Edina alimwona Hamdani.

"Hamdani! Njoo umwambie! Mwambie ulichoniambia!"

Watu wote wakageuka. Hamdani alisogea hatua mbili. Ni mtu wa makamo, mwenye familia yake Ujiji, hajapata kuitwa jina mbele ya soko zima na mke wa mtu. Naye bibi Caritas alikuwa amemfuata nyumbani kwake na kumwapisha: aliyeleta habari hatoi tena mpaka mjomba amefika.

Gélase alisimama ndani ya boti. "Haya, bwana. Niambie. Unajua nini juu ya mama yangu?"

Hamdani alimtazama Edina. Akatazama mchanga.

"Bwana Gélase, mambo ya nyumbani kwako mimi siyaingilii," alisema. Akarudi kwenye mapipa yake.

Soko likaguna. Edina alihisi uso unamwaka. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusema kweli mchana kweupe, mbele ya aliyeileta kweli hiyo, na bado abaki mwongo.

"Umeona?" Gélase alisema. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na huzuni, kama mtu aliyetamani ashindwe. "Achia kamba, Edina."

Nahodha alikuwa ameinama kumtoa mikono, mara sauti ikaita kutoka barabarani.

"Gélase!"

Alikuwa mzee mrefu, koti limemzidi mabega, viatu vyekundu kwa vumbi la njia ya Kasulu. Mzee Nizigama. Alikuwa ameshuka kwenye lori, akafika Gungu, akakuta watu wa kumpokea lakini mwenye msiba hayupo, akaelekezwa ziwani. Alikuwa anahema.

"Marume!" Gélase aliita. Uso wake wote ulifunguka. "Mjomba! Umetoka lini kambini?"

Mzee Nizigama aliiangalia boti. Akaiangalia kamba mikononi mwa Edina, akayaangalia macho ya Edina. Hakuhitaji kuelezwa. Edina aliona midomo ya mzee inatetemeka kidogo, kwa kuwa aliyekufa alikuwa dada yake wa tumbo moja. Kisha mzee yule akatabasamu.

"Unakwenda wapi, mwanangu, na mama yako yuko nyumbani anakuulizia?"

"Nini?"

"Amefika. Yuko Gungu. Shuka."

Gélase aliruka. Hakungoja ubao, aliruka majini na viatu vyake, akampita mkewe, akamkumbatia mzee, akamzungusha. Alikuwa anacheka na kulia. Nahodha akapiga kofi paja. Wachukuzi waliokuwa wakimcheka Edina wakapiga vigelegele.

Na Edina? Kamba ilimtoka mikononi. Mume alikuwa ametoka kwenye boti, alilolitaka amelipata. Lakini maji ya magotini yalikuwa ya baridi sana.

Gélase alimrudia. Alimshika mikono mbele ya watu wote, jambo ambalo wanaume wa kwao hawafanyi.

"Nimekusamehe," alisema. "Uliogopa nisife huko. Ndiyo maana ulisema vile. Sasa nimekuelewa. Nimekusamehe, mama Anatoli, na wewe unisamehe juu ya Hamdani."

Edina alijaribu kusema. Mzee Nizigama alikuwa amesimama nyuma ya Gélase, anamtazama, anatikisa kichwa taratibu.

"Asante," alisema Edina.

Wakaanza kupanda kwenda Gungu. Feliksi alitangulia na baiskeli na mkoba. Gélase aliongea njia nzima. Alikuwa ameweka maneno ya mwezi mzima na sasa yalimwagika yote. Alimweleza Edina habari za chokaa, jinsi ilivyokataa kushika ukutani. Alimweleza jinsi alivyolitafuta lile pazia la maua, kwa kuwa mama anapenda mekundu. Alisema hatanyamaza tena, kuanzia leo jambo likimkera atalisema. Alikuwa mume ambaye Edina alikuwa akimlilia siku zote, na alimpata njiani, saa ambayo hakuweza kumsikiliza.

"Mjomba, amekonda?" Gélase aliuliza.

"Utamwona," alisema mzee.

"Alivuka na nani?"

"Utaambiwa yote ukikaa."

Walitembea tena. Mbele yao, kwenye njia ileile, kulikuwa na wanawake wawili wa Kirundi, wamejifunga vitenge kiunoni, hawaongei. Gélase aliwatazama. Mwendo wake ukapungua. Mwanamume yule si mjinga, nimekwisha kukuambia kwamba husikia zaidi ya anavyosema.

"Mjomba. Mama alikuambia nini ulipomsalimia?"

Mzee Nizigama alikohoa. Kikohozi kilichukua muda.

Gélase alisimama katikati ya njia. Hakumuuliza mzee tena. Alimgeukia mkewe.

"Edina. Nimekuita mwongo mbele ya Kibirizi nzima. Sasa nakuuliza wewe, si mwingine, na utakalosema hilo hilo ndilo nitakaloamini. Mama yangu yuko nyumbani?"

Mkono wa mzee Nizigama ulitua begani mwa Edina. Ulikuwa mzito.

"Mukazana," alisema kwa sauti ya chini. "Tumekaribia. Baraza lile pale. Hatua chache tu."

Edina aliliona baraza. Aliona watu walivyosogeza benchi, aliona nafasi waliyomwachia mumewe katikati. Alijua mzee ana haki. Alijua pia kwamba akidanganya safari hii, hakuna siku Gélase atamuuliza tena jambo lolote, mpaka wanazeeka.

Alimtazama machoni.

"Hapana," alisema.

Gélase alimtazama mjomba wake. Mzee akainamisha kichwa. Basi.

Hakupiga kelele. Hakuanguka. Edina alikuwa amejiandaa kumdaka, na mzee pia alikuwa ameinua mikono, lakini Gélase alisimama tu, akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Kisha akapita nyuma ya mkewe, akafungua kitenge, akamtoa Anatoli mgongoni kwa utaratibu, akamweka kifuani mwake.

"Nilikuwa nakwenda kumleta kwa mjukuu wake," alisema. "Sasa nampeleka mjukuu kwake. Kaburi limwone."

"Gélase, vita kule! Mtoto anyonye nini? Mjomba, mshike!"

Mzee Nizigama alimdaka shati kwa nyuma. Shati likachanika, kipande kikabaki mikononi mwa mzee. Gélase alikuwa amegeuka, anashuka, mwanzo kwa hatua ndefu, halafu kwa mbio, kichwa cha Anatoli kikichezacheza juu ya bega lake. Mtoto alidhani ni mchezo, alikuwa anacheka.

Edina alivua kandambili akakimbia. Alikuwa bado yuko mbali na ufukwe alipoisikia injini ya boti ileile, iliyokuwa imechelewa kuondoka, ikiwashwa. Yaliyofuata, Jumapili ijayo.